Wifi Akitazama Mlango

Kaka yangu hakuoa, kwa hiyo mbwa wake tulimwita wifi. Mimi ndiye niliyeanza. Kaka alikuwa mlinzi katika kampuni ya ulinzi, akilinda ghala la vipuri zamu ya usiku, na kila jioni alipoinama kufunga kamba za viatu nilimwambia anisalimie wifi yangu. Mama alicheka huku akijifanya amekasirika. Alisema wenzake wana wakwe wa kuwaletea wajukuu, yeye kapewa mkwe mwenye mkia. Jina likamfuata mbwa hadi kazini. Walinzi wapya walidhani ni mambo ya mtandao, wakawa wanauliza kama mbwa huyu ana nywila. Kaka aliwajibu kwamba anayo, ila ukikosea mara moja unang'atwa.

Mama hakuwahi kumwona. Magoti yake hayamruhusu kwenda mbali, na kampuni haikubali mbwa wake wapelekwe nyumbani kwa mtu. Kaka alijaribu kumpiga picha kwa simu. Wifi alikuwa mweusi kutoka puani hadi ncha ya mkia, na kila picha ilitoka vilevile: doa jeusi, ndani yake vitone viwili vya kijani. Mama aliishika simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akamrudishia mwenyewe.

"Mwanangu, umenipigia picha shimo."

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajaribu kumweleza kwa maneno. Alisema Wifi akisimamisha masikio akakutazama, unajiona mtu mkubwa, mtu aliyesubiriwa siku nzima.

Mimi niliwahi kumwona mara moja tu, nilipompelekea kaka koti alilosahau. Mabanda ya mbwa yalikuwa nyuma ya ofisi za kampuni, yamezungushiwa wavu. Walinzi wengine walifika wakafungua komeo na kuingia. Kaka hakufanya hivyo. Alisimama nje ya wavu, akashika kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi hapa." Ndani kitu kikainuka. Akangoja kidogo, ndipo akafungua. Nilimcheka sana siku hiyo. Akaniuliza kama kwetu tumefundishwa kuingia nyumbani kwa mwanamke bila kupiga hodi.

Kaka alifariki kwa ugonjwa wa kifua uliokwenda haraka kuliko akili zetu. Hayo sitayaeleza. Ninachotaka kukiandika, nisije nikakisahau, ni habari ya picha.

Mimi nafanya kazi katika studio ya picha. Mwenyewe ni mama wa makamo anayeitwa Bi Mwanga na mtaa mzima. Wengi wanamwita hivyo kwa sababu ya taa zake, lakini wako wanaomaanisha mwanga yule mwingine, wa kuruka na ungo, kwa kuwa anaishi peke yake na hapendi maneno mengi. Yeye anayapokea yote mawili. Husema mchawi na mpiga picha kazi yao ni moja, kumchukua mtu bila kumgusa. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wateja, kuwanyoosha kola, kuwaambia wafute jasho puani, na kukata picha za vitambulisho. Kamera kubwa nilikuwa naifuta vumbi tu.

Niliporudi kazini baada ya msiba, nikakuta kampuni ya kaka imeagiza kalenda yenye picha za mbwa wake. Wangeletwa studio wawili au watatu kila siku, kwa juma zima. Kinyozi wa duka la jirani alipomwona wa kwanza akishuka kwenye gari, alitoka nje na wembe wake mkononi kuniuliza kama naye anaomba pasipoti. Nikamjibu kwamba anasafiri, tena anatafuta pa kunyolea ndevu kwanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutania tangu tumzike kaka, nami nikashtuka kusikia sauti yangu.

Aliyewaleta alikuwa msimamizi wa mbwa, mtu mrefu, mpole, tuliyezoea kumwita Afande. Alinipa pole tena, ingawa alikuwa amefika msibani. Kisha akaniambia kwamba Wifi ataletwa siku ya mwisho, na kesho yake atahamishiwa tawi la mji mwingine. Tangu kaka aondoke hafanyi kazi na mtu yeyote. Anakula, anatembea akivutwa, lakini akifika lindoni analala chini na kuelekeza uso getini, na hata upige kelele namna gani hainui kichwa.

Jioni nilimweleza mama. Alisugua magoti.

"Nipigie picha yake kabla hajaenda," akasema. "Si shimo. Nataka nimwone mkwe wangu usoni."

Asubuhi nikamwomba Bi Mwanga kitu ambacho sikuwahi kumwomba, kwamba mbwa wa mwisho nimpige mimi. Hakuniuliza sababu. Alisema nijifunze kwa hao wengine, na kama siku ya mwisho nitakuwa bado sijaweza, atapiga mwenyewe nami nitashika mwavuli wa taa.

Somo la kwanza lilikuwa kulala kifudifudi. Mtu ukimpiga picha unasimama mbele yake, lakini mbwa aliyepigwa picha kutoka juu anatoka kama ombaomba. Inakupasa ushuke hadi macho yenu yawe sawa. Nikalala sakafuni na gauni langu la kazini, kidevu karibu kiguse zulia. Zulia lenyewe lilikuwa somo la pili, maana karatasi ya nyuma, inayotandazwa hadi sakafuni, inateleza chini ya kucha, na mbwa anayehofia kuanguka hafikirii kingine chochote. La tatu lilikuwa taa. Bi Mwanga aliziwasha na kuzifyatua mbali, upande wa jikoni, mara nyingi, huku Afande akimlisha mbwa vipande vya maini, mpaka mlio ule ukawa kwa mbwa ni habari ya maini tu.

Mbwa wa kwanza alikuwa jike la kahawia, zee, lenye mvi mdomoni. Nilipoweka jicho kwenye kamera na kulisogeza jicho lake karibu, nilisahau kupumua. Ndani ya jicho lile niliiona studio yetu yote. Dirisha lilikuwemo, na mwavuli mweupe, na Bi Mwanga akiwa amejishika kiuno, na chini kabisa kitu kidogo kimelala, ambacho ni mimi. Miaka yote nimewaambia watu watazame kamera, sikujua kwamba mtu akitazama anabeba chumba kizima machoni. Nikamwambia Bi Mwanga. Akajibu kwamba ndiyo maana yeye hupiga deki kila asubuhi.

Somo lililonisumbua lilikuwa sauti. Mbwa haambiwi acheke. Ili asimamishe masikio na uso wake uamke, unamtolea sauti asiyoitarajia: kubusu hewani, kukwaruza mfuniko wa bati la biskuti, kunong'ona. Lakini kila sauti inafanya kazi mara moja.

"Ya kwanza anakupa masikio," alisema Bi Mwanga. "Ya pili anakupa jicho moja. Ya tatu anakuonea huruma."

Kwa hiyo sauti yako bora unaiweka mpaka kila kitu kiwe tayari, taa, umbali, kidole. Mimi sikuelewa hadi nilipokosea. Siku ya tatu aliletwa dume jeusi, nikaona hapa ndipo nitakapojipima kwa ajili ya Wifi. Kwa pupa nikakwaruza bati kabla sijaweka lenzi sawa. Dume likasimamisha masikio, likawa kama sanamu ya mfalme, nami naona ukungu mtupu. Nilipokwisha kurekebisha lilikuwa linajilamba mguu. Nikakwaruza tena. Likaniangalia kwa huruma, kama nilivyoahidiwa. Afande alikohoa ili asicheke.

Weusi wake nao ulinishinda. Picha zote zilitoka mashimo, kama za kaka. Bi Mwanga akavuta taa zote mbili kutoka mbele, akaziweka ubavuni, chini, karibu na ukuta. Akaniambia mweusi hamulikwi usoni, anapapaswa. Mwanga upite juu ya manyoya kama kiganja. Nikatazama tena, na mnyama yule akatokea gizani kipande kwa kipande. Mgongoni alikuwa na buluu ya chuma. Nyuma ya masikio palikuwa na kahawia, na kifuani manyoya yalijipinda kama maji yanayozunguka jiwe. Nilikaa pale chini nikiwaza kwamba kaka alikuwa akiyaona haya yote kila siku, kwa macho matupu, ndiyo maana hakuelewa kwa nini sisi tunaona shimo.

Wifi aliletwa siku ya mwisho, saa za asubuhi. Aliingia bila kuvutana, akanusa mlango, akanusa zulia, akanusa viatu vyangu kwa muda mrefu kuliko vyote. Nilikuwa nimevaa koti la kaka, lile lile. Sikulivaa kwa hila, asubuhi ilikuwa na baridi. Akanitazama mara moja, kisha akalala juu ya zulia, kidevu katikati ya miguu, uso kuelekea mlangoni. Alikuwa amekonda.

Nikalala kifudifudi mbele yake. Taa zilikuwa ubavuni, lenzi sawa, mwanga umepita mgongoni vizuri. Bi Mwanga alibusu hewani. Wifi hakuinua kichwa. Akakwaruza bati. Afande akaleta maini hadi puani, Wifi akayala kwa adabu na kurudisha kidevu chini. Afande akamwita kwa jina lake la kwenye orodha ya kampuni, akamwita kwa jina letu. Sikio moja lilitikisika, likalala. Tulipumzika, tukarudia. Kila sauti tuliyokuwa nayo tukaimaliza. Afande akatazama nje kwenye gari, na Bi Mwanga akaniambia taratibu nipige hivyo alivyo, kwamba hata huzuni ni uso.

Ningeweza kupiga. Lakini uso ule mama alikuwa nao tayari nyumbani, kwenye kioo.

Nilikuwa na sauti moja bado. Nilikuwa nayo tangu asubuhi, niliihofia. Nilijua nikiitumia haitarudi, na nilijua nitakuwa nimemdanganya mtu aliyefiwa. Nikaangalia lenzi tena. Nikaweka kidole. Kisha nikasema kwa sauti ya chini, kama nilivyomsikia akisema nje ya wavu:

"Hodi hapa."

Wifi aliinuka. Hakuruka wala hakushtuka, aliinuka kama mtu anayejua ni nani. Masikio yakasimama, mwanga ukakimbia kutoka paji la uso hadi kifuani, na mwili wote ulionyong'onyea ukajaa, kama nguo inapovaliwa. Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu, nyuma yangu, mlangoni, kwa furaha iliyotulia kabisa, isiyo na shaka hata chembe. Kidole changu kilibonyeza chenyewe.

Kisha niligeuka. Aliyesema hodi ni mimi, nami nililijua hilo, lakini shingo yangu iligeuka kutazama mlango. Bi Mwanga alikuwa ameshageuka. Afande amevua kofia. Tulikuwa watu wazima watatu, tunatazama mlango uliofungwa, tunamngoja mtu aingie.

Wifi akatembea hadi mlangoni, akasimama. Bi Mwanga akaenda kumfungulia. Ulikuwa mtaa tu, na gari la kampuni, na kinyozi akitingisha taulo lake. Wifi akanusa hewa, pole pole, huku na huku, kama anayesoma. Alikawia pale kizingitini. Halafu akarudi. Mimi nilikuwa bado sakafuni. Akazunguka mara moja, akajilaza ubavuni mwangu, akaweka kidevu juu ya mkono wa koti, akashusha pumzi ndefu. Nikamwambia sikioni kwamba kaka hayupo, alifariki, tulimzika, na kwamba ilitupasa kuja kumwambia mapema, kwa kuwa na yeye ni wa nyumbani. Sijui mbwa anaelewa nini. Najua kwamba Afande alipomwita waende alisimama, akamfuata, na alipopita mlangoni hakugeuka nyuma.

Picha ilikuwa moja tu. Bi Mwanga aliisafisha, akaitazama, akaniambia kuanzia kesho kamera kubwa nisiifute vumbi tu.

Mama aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu. Safari hii hakunirudishia. Alipitisha kidole juu ya masikio, juu ya kifua, juu ya ile buluu ya mgongoni.

"Kumbe ni mzuri hivi," akasema. Kisha akauliza, "Anamtazama nani?"

Nikamweleza habari ya hodi, yote, tangu siku ya koti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikachukua msumari na nyundo, nikapima mahali pembeni ya picha ya kaka, juu ya kabati. Nilikuwa nimeshagonga mara mbili mama aliponizuia.

"Hapo ataona dirisha tu. Mtundike aone mlango."

Nikaung'oa msumari. Nikazihamisha picha zote mbili, yake na ya kaka, hadi ukuta unaoelekea mlangoni. Mama akavuta kiti, akaketi chini yao, naye akatazama kulekule.