Mfinyanzi Hajulikani

Jana usiku niliota nimewekwa rafuni katikati ya vyungu, kwenye makumbusho nisiyoyajua, na hakuna aliyeshangaa, hata mimi mwenyewe.

Kwanza niseme tulikuwa wapi. Mimi na Mama Mdogo Atupele tulikuwa tumelala nyumba ya wageni karibu na Matema, tumechoka kwa kuzunguka vijiji vya wafinyanzi wa kando ya ziwa. Tulikuwa tunatafuta chungu cha bibi yangu Subilaga, mama yake Mama Mdogo. Bibi alifinyanga maisha yake yote, lakini nyumbani hakikubaki hata kimoja. Vilivyouzwa viliuzwa, vilivyovunjika vilitupwa. Mama Mdogo alitaka anywe maji ya chungu cha mama yake walau mara moja tena. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo anavitambua vyungu kwa vidole. Kila kijiji anavipapasa, anatikisa kichwa, tunapanda pikipiki, tunaendelea.

Katika ndoto tunaendelea vilevile, ila barabara ni mbichi. Imefinyangwa asubuhi hiyo. Magurudumu yanazama kidogo, na nyuma yetu wanawake wawili wanaisawazisha kwa viganja vyenye maji.

"Mkirudi pitieni kwingine," mmoja anatuambia. "Hii bado haijachomwa."

Mama Mdogo anawaomba radhi.

Barabara inaishia ndani ya makumbusho. Ukutani wameandika: USIGUSE VYUNGU. Naweka mikono nyuma. Papo hapo chungu kikubwa cha pombe kinashuka rafuni, kinanijia, kinanishika shingo.

"Samahani," nasema, "imeandikwa tusiguse."

"Imeandikwa wewe usiguse," kinajibu. "Sisi hatujakatazwa."

Vingine navyo vinashuka. Vinanipapasa mdomo, vinanipima tumbo, vinaniinamisha kutazama kitako.

"Shingo imevutwa haraka haraka," kinasema kimoja.

"Masikio je?"

"Yapo. Hayajatumika sana."

Mlinzi wa makumbusho ni mtungi mwembamba uliovaa kofia. Unaniuliza, "Nani amekufinyanga?"

"Mama yangu alifariki nikiwa mchanga," nasema. "Halafu bibi akanichukua, akanilea kwake, yaani..."

"Maelezo marefu hayaenei," mtungi unasema, na unanibandika kikaratasi kifuani: BINADAMU, MWANAMKE. MFINYANZI HAJULIKANI. Kisha vyungu vinanibeba na kuniweka rafuni, upande wa kivulini, nisije nikapasuka.

Pembeni yangu kuna chungu kidogo cha maji kilichobonyea ubavu. Nacho kimebandikwa maneno yaleyale.

"Pole," nakiambia. "Hata wako hajulikani?"

"Mimi namjua vizuri sana. Tatizo hawakuniuliza mimi. Ni mama mmoja mwenye kikohozi. Akifinyanga anaimba wimbo mmoja tu, akifika katikati anasahau maneno, anaanza upya."

Nakigeukia. "Wimbo wa bata waliokataa kuvuka mto?"

"Huohuo. Anasahau pale bata mkubwa anapojibu."

Ni kweli. Utoto wangu wote niliusikia wimbo ule kila asubuhi, na mpaka leo sijui bata alijibu nini.

Chini, Mama Mdogo anatembea kati ya makabati ya vioo akipapasa hewa, anaita, "Mama! Mama!" Namwita, hanisikii. Napaza sauti mpaka rafu inatikisika. Hanisikii, na sasa anaelekea mlangoni.

"Asiyejulikana mfinyanzi wake hasikiki," chungu kinanieleza. "Ndio utaratibu wa hapa. Ukitaka kusikika, mtaje."

"Subilaga," nasema.

Kikaratasi kinadondoka. Mama Mdogo anasimama, anageuka.

"Subilaga," chungu nacho kinasema, na chake kinadondoka. Hapo rafu zote zinaamka. Tusekile! Ndimbumi! Kisa! Vyungu vinawataja wafinyanzi wao, vya juu, vya chini, vya stoo ambavyo havijaonwa na mtu, na vikaratasi vinamwagika kama pumba siku ya kupepeta. Mtungi wenye kofia unauliza nani atafagia.

Nashuka na kile chungu kidogo kifuani. Sakafu ina maji. Ni ziwa. Moshi wa mabua umetanda ufukweni, na Bibi Subilaga ameketi chini, miguu ameinyoosha, anaparua udongo kwenye magoti yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Atupele, mbona umekonda hivyo?"

Mama Mdogo, mwenye wajukuu wake sita, anakaa mchangani kama mtoto aliyetoka kuchota maji. Nampa chungu. Anakipapasa ubavu uliobonyea, polepole, anakirudia tena. Safari hii hatikisi kichwa. Anakunywa mpaka anatweta.

"Kinavuja, Mama," anasema.

"Kilikuwa kinavuja siku zote. Mlikuwa mnaona haya kuniambia."

Wanacheka wote wawili, kicheko kimoja. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

"Bibi, tukichukue twende nacho," nasema.

"Hicho kina maji ya watu wa huku."

"Sasa sisi turudi na nini?"

Bibi anajifuta mikono kwenye kanga, anasogea, anainamisha sikio karibu na goti langu. Halafu analigonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga kila chungu kilichotoka motoni, kusikia kama kina ufa. Goti linalia. Sauti inakwenda juu ya maji, mbali, na Bibi anaisikiliza, amefumba macho. Nasubiri aseme. Nasubiri kwa hofu ileile ya utotoni, nilipokuwa nachungulia kama chungu kitatoka kizima.

Nikaamka kabla hajasema.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikajigeuza nishuke, na goti langu likagonga chuma cha kitanda.

Ngiiii.

Lililia kwa sauti safi, ndefu, isiyo na ufa.

Kwenye kitanda cha pili, Mama Mdogo alikuwa ameelekea ukutani, usingizini kabisa.

"Kimeiva hicho," akasema. "Kitoeni kwenye majivu."