Wageni wa Maji Machachu

Rogathe alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage ya makande, na alipoinua macho akaona kwamba mgeni wa kwenye pipa la maji ameongezeka mwili. Koti lake la mvua, la njano kama vifuniko vya chupa za dawa ya viwavi, lilikuwa halifungiki tena tumboni.

"Umeamkaje?" akamuuliza.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akarudi kwenye maharage yake.

Kila nyumba iliyokuwa chini ya mfereji ilikuwa na mgeni kama huyo. Walikuja msimu wa nyanya ulipoanza. Mtu alikuwa akijaza pipa, jioni anasikia hodi, na mgeni yuko ndani tayari, ametulia kando ya maji. Chakula hawakula. Walikunywa maji tu, na walisalimia vizuri kuliko watoto wengi wa siku hizi, kwa hiyo hapakuwa na neno. Kwa jirani yake Koleta mgeni alikaa nyuma ya mlango, basi mlango ukawa unafunguka nusu, na Koleta akazoea kupita kiubavu.

Shida ilikuwa mambo mengine. Kuku waliacha kutaga. Mbuzi walitupa mimba. Na Priska, mkwe wa Rogathe, aliyekuwa na mimba baada ya nyingine mbili kuharibika, alianza kutetemeka mikono hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mgeni alilitazama tumbo lake kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu yake.

Rogathe akaenda dukani kwa Vitus, muuza pembejeo.

"Vitus, mgeni wangu hataki kuondoka."

"Mama, hiyo dawa ya viwavi ikiingia majini inakufa siku ya tatu, na mgeni wake anaondoka. Imeandikwa hapa kwenye chupa. Imepimwa na wataalamu."

"Wangu ana mwezi wa pili. Ananenepa."

"Basi labda huyo ni ndugu wa marehemu mzee," Vitus akasema, na wateja wakacheka.

Rogathe naye akacheka, maana marehemu mumewe kweli alikuwa na ndugu wa namna hiyo. Lakini kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati ya ndiva, bwawa linalotunza maji ya mfereji wao, akampigia simu Irine, bibi shamba.

Irine akaja kutoka Same kwa bodaboda, vumbi la barabarani limemfika kwenye kope. Akamsalimia Rogathe, akampa Priska mkono, akamsalimia na mgeni. Kisha akachovya karatasi ya kupimia kwenye pipa. Karatasi ikawa nyekundu.

"Mama, maji yenu ni machachu," akasema. "Yanatoka msituni, yamelala juu ya majani yaliyooza miaka na miaka. Chupa haisemi uongo, ila inasema habari za maji ya kwao waliopima. Hatujui inaishi vipi kwenye maji yenu. Nipe vyungu vitatu."

Vyote wakavijaza maji ya mfereji. Cha kwanza wakakitia ukwaju, kwa sababu ndivyo vijana walivyofanya kwenye bomba zao za kupulizia: walisikia kwamba maji yenye magadi huivunja dawa nguvu, basi wakawa wanatia ukwaju ili idumu, na wakimaliza kazi wanaziosha bomba mferejini. Cha pili wakakiacha kama kilivyo. Cha tatu wakakitia maji ya majivu yaliyochujwa. Irine akadondoshea kila chungu kiasi kile kile cha dawa, wakavifunika, wakala makande.

Jioni katika kila chungu akatoka mgeni mmoja. Walikuwa wadogo, kimo cha mchi, kwa sababu vyungu navyo vilikuwa vidogo. Wakasalimia, kila mmoja akakaa kando ya chungu chake.

Kulipokucha, yule wa majivu alikuwa na mvi. Mchana akaomba fimbo. Akaeleza habari za kiwanda alikozaliwa, kwamba kulikuwa na taa nyeupe na hakuna aliyemwambia anakwenda wapi. Meno yakamtoka moja moja kama punje za mahindi. Siku iliyofuata akakunja koti lake, akasema, "Asanteni kwa ukarimu," na hakuwapo tena. Ilibaki harufu kama ya kiberiti. Wa maji matupu alikuwa mzima, ana unywele mmoja mweupe. Wa ukwaju alikuwa anapiga mluzi, videvu vimekuwa viwili, na aliuliza kama hapo nyumbani kuna kitanda cha ziada.

"Dawa ni ile ile," Irine akasema. "Maji ndiyo yanayoamua umri wake."

"Na mimi ndiye ninayeyanywa," akasema Priska.

Rogathe akataka kumwaga majivu kwenye pipa palepale. Irine akamshika mkono. "Hapana, mama. Maji ya majivu si ya kunywa, utamchoma mkweo tumbo. Dawa isiingie mferejini kabisa. Bomba zichimbiwe shimo la kuoshewa, mbali, na majivu yawe humo."

Kamati ikakutana kwenye ukingo wa ndiva. Wilbard, mwenye nyanya nyingi kuliko wote, akasimama.

"Shimo ni wazo zuri. Atalichimba nani? Msimu huu? Mimi mgongo umeshaisha."

"Mgongo umeisha, mdomo bado," akasema Koleta.

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejitolea. Hapo Rogathe akasema polepole, kama mtu anayehesabu mishono.

"Kazi ya msaragambo ni ya kila anayelala kijijini. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tulivyo. Sasa hawa wageni wamelala kwetu tangu nyanya zikiwa miche. Lini wametoka kufanya kazi?"

Wilbard akajikuna shingo. Sheria ilikuwa sheria.

Asubuhi pembe ya msaragambo ikapigwa. Wageni wakainuka kwenye mapipa nyumba kwa nyumba, wakachukua majembe, wakapanda njiani mmoja nyuma ya mwingine, makoti ya njano yakienea mlimani kama alizeti. Walichimba bila kupumzika. Wa Rogathe, kwa unene wake, alichimba sehemu ya watu wawili. Wanaume wakasiliba shimo kwa udongo mfinyanzi, wanawake wakaleta majivu ya kila jiko, maji yakamwagwa. Kazi ilipokwisha wageni wakafanya kama afanyavyo kila mtu atokaye msaragambo: wakashuka shimoni kuosha miguu.

Mvi zikaanza hapo hapo. Wakakaa ukingoni, miguu majini, wakitaniana kwa sauti za wazee, wakipungua na kupungua hadi yakabaki makoti, na makoti nayo yakayeyuka. Koleta akapiga kigelegele. Kikapokelewa bondeni, kikapanda tena, na walioko mashambani wakatupa majembe wakaja kucheza. Wilbard alicheza kuliko wote, kwa mgongo ule ule. Akaapa mbele ya kamati kwamba bomba halitaoshwa tena mferejini, na wenzake wakaapa nyuma yake. Jioni Koleta akafungua mlango wake wote, akatoka mbele, kifua wazi, akarudi ndani, akatoka tena.

Mtoto wa Priska alizaliwa kwa wakati wake, msichana, akalia hadi ng'ambo ya korongo wakauliza kuna nini. Wakamwita Tumainieli.

Irine aliipigia simu kampuni ya dawa, akaeleza habari za maji machachu. Wakamjibu kwamba vipimo vyao viko sahihi. Huko Maore, chini, kwenye mashamba ya mpunga, watu walisema kila mtungi una mgeni, na wana adabu sana.

Siku Rogathe alipompeleka mjukuu kliniki, lori lilikuwa limesimama mbele ya duka. Vitus alikuwa akipanga chupa mpya rafuni, na maandishi yalikuwa yale yale. Kutoka nyuma ya lori akashuka kijana, koti la njano bado lina mikunjo ya kiwandani.

"Shikamoo, mama. Maji yako wapi?"

"Marahaba," akasema Rogathe, akimweka mtoto vizuri mgongoni. "Kwetu mgeni anaanzia shimoni. Nifuate."

Kijana akamfuata.