Chumvi ya Majani ya Bi Mwanamvua

Efrazia aliionja chumvi ile ofisini, saa ya chakula cha mchana, juu ya kipande cha muhogo wa kuchemsha alichopewa na mwenzake Raudha. Walifanya kazi masjala moja hapo Kibaha, meza zao zikitazamana, na walikuwa na mazoea ya kuonjana vyakula. Lakini hii haikuwa chumvi ya kawaida. Ilikuwa ya kijani kilichofifia. Mdomoni ilianza na mlimao, ukafuata mchaichai, halafu kikaja kitu cha tatu, kikali kidogo kama karafuu, ambacho Efrazia hakukipatia jina.

"Umeinunua wapi hii?"

"Hainunuliwi. Anatengeneza shangazi yangu, Kisarawe. Hii ni ya tangu mwaka juzi, naila kwa kuibania."

"Ameweka nini na nini?"

"Kamuulize mwenyewe," Raudha akacheka. "Mimi najua kula tu."

Efrazia alikuwa mtu ambaye jambo asilolijua humkosesha usingizi. Jioni hiyohiyo, nyumbani kwake mtaa wa Pangani, hapohapo Kibaha, alikata mchaichai pembeni ya uzio, akaomba majani ya mlimao kwa jirani, akatwanga pamoja na chumvi ya mawe. Kinu kilinukia mpaka sebuleni. Akajaza chupa, akafunga kwa furaha. Siku ya nne alipofungua, harufu ilikuwepo, tena kali, ila chumvi ilikuwa imelowa chapachapa, imekuwa uji. Akajaribu tena. Safari hii alianika majani kwenye bati juani siku tatu, yakakauka mpaka yanavunjika yenyewe. Chumvi ikatoka kavu, nzuri kwa macho, lakini ilinuka nyasi. Na kile kitu cha tatu bado hakukijua.

"Jumamosi twende kwa shangazi yako," alimwambia Raudha.

Walifika Kisarawe saa nne asubuhi, upepo wa vilimani ukiwa bado na ubaridi. Bi Mwanamvua, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa barazani akichambua kunde.

"Shikamoo, Mama," Efrazia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyu ndiye mwenye maswali?"

"Ndiye huyu, Shangazi," Raudha akajibu. "Anataka kujua unaweka nini kwenye chumvi."

Bi Mwanamvua aliingia ndani akatoka na chupa mpya, imejaa mpaka shingoni, akaifungua na kumwekea Efrazia mkononi.

"Kwanza wewe uniambie mimi. Inanukaje?"

Raudha akainama haraka, akanusa. "Nzuri, Shangazi, kama kawaida yako."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mgeni."

Efrazia akanusa, akanusa tena. Harufu ile aliijua vizuri, kwani alikuwa nayo chupa nzima kabatini kwake. Aliona vibaya kuisema kwenye baraza la watu, lakini mama yule alikuwa amemkazia macho.

"Samahani, Mama. Inanuka kama nyasi zilizokaa juani."

Bi Mwanamvua akashusha pumzi. "Nilijua. Tatizo langu mimi sisikii."

Efrazia akadhani hakusikika. Akapaza sauti: "Nimesema, inanuka kama nyasi—"

"Masikio yangu mazima, mwanangu!" Bi Mwanamvua akacheka mpaka akashika ubavu. "Pua ndiyo haisikii."

Kisha akawaeleza. Mwaka jana alishikwa na mafua makali, akalala siku kumi. Alipoinuka, harufu zote zilikuwa zimeondoka. Ubani hausikii, samaki aliyeoza hamsikii, mchuzi unaungua mbele yake mpaka aone moshi.

"Mbona hukutuambia?" Raudha alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ningesema nini? Watu wananijua kwa chumvi. Kila ninayempa anasema nzuri, ahsante. Lakini zamani chupa zilikuwa zinarudi tupu, nijaze tena. Siku hizi hazirudi. Nikajua kuna jambo, ila wa kuniambia hapana. Ndugu wanaona haya."

Efrazia alisahau kabisa swali lake. Sasa alikuwa na lingine. "Zamani ulijuaje kuwa majani yamekauka vya kutosha?"

"Kwa pua. Nayaanika chumbani, kivulini. Harufu ikifika mlangoni, basi, natwanga. Sasa nayasikiliza." Akasugua jani lisiloonekana karibu na sikio. "Yasipolia vizuri nayapeleka juani."

"Basi jua ndilo linalokula harufu, Mama. Hata mimi lilinilia." Akamsimulia majaribio yake yote mawili, la uji na la nyasi. Kwenye lile la uji Bi Mwanamvua akamkatiza.

"Ulitwanga mabichi? Na chumvi ikashika harufu?"

"Ilishika sana. Ila ililowa."

"Kwa sababu uliifunga mbichi! Ungeianika hiyo chumvi yenyewe." Akasimama. "Njooni."

Nyuma ya nyumba alichuma majani ya mlimao na mchaichai, kisha akainama kwenye kichaka kilichojiotea ukutani na kuvunja vijiti viwili. Efrazia akafikicha jani moja. Karafuu!

"Kivumbasi? Mama, mimi hiki nakichoma kufukuza mbu!"

"Mbu anakimbia, binadamu anasogea," alisema Bi Mwanamvua.

Walipima vikombe vinne vya chumvi ya mawe kwa kimoja cha majani mabichi, wakatwanga kwa kupokezana. Unga ule wa kijani, ukiwa na majimaji, waliutandaza kwenye ungo na kuuweka chumbani karibu na dirisha. Bi Mwanamvua alisema ataugeuza asubuhi na jioni kwa vidole. Siku utakapomiminika ukilia kama mchanga, atajua, na kwa hilo pua haihitajiki.

Jumamosi iliyofuata Efrazia alirudi peke yake. Bi Mwanamvua alimpokea mlangoni na ungo mkononi, hata salamu aliipokea akiwa ameshausogeza chini ya pua ya mgeni.

"Inaanza na nini?"

"Mlimao."

"Kisha?"

"Mchaichai. Kivumbasi kipo, ila kinachelewa."

Mama alikuwa amefumba macho kama anayefuatilia hadithi. "Kinachelewa sana?"

"Kidogo."

"Tutaongeza konzi moja." Akachota chumvi kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini. Efrazia akamtazama. Uso wa Bi Mwanamvua ukakunjamana, kisha ukatulia.

"Chumvi," alisema. "Chumvi tu." Akasogeza ulimi shavuni. "Ngoja. Kuna kaganzi hapa pembeni. Kanachoma, kisha kanatia ganzi. Onja, unakasikia?"

Efrazia akaonja. Alikuwa ameshaionja chumvi ya Mama kule ofisini, na hakukutana na ganzi yoyote. Akasubiri. Kweli, taratibu, pembeni ya ulimi, kitu kikaanza kuamka.

"Nakasikia, Mama."

"Miaka yote hiyo sikuwahi kukajua," Bi Mwanamvua alisema, akichota tena.