Jedwali la Sura ya Nne

Tii. Kimya kidogo. Tii.

Mita ya umeme ilikuwa inalia gizani koridoni, kama ilivyolia tangu jana jioni, kuonya kwamba umeme uko mbioni kwisha. Kokulinda alimgusa mumewe begani.

"Baba Winnie, ile ni mita."

"Najua," Projest alinong'ona. "Lakini mama alishasema ni simu ya jirani."

Mama mwenyewe, Bibi Leonsia, alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuwa amekuja juzi kutoka Bukoba, na tangu ashuke kwenye meli hapakuwa na mtu wa kumbishia nyumba nzima. Basi wakalala wakiisikiliza simu ya jirani, hadi saa kumi na moja alfajiri ilipokatika, na friji ikanyamaza nayo. Pasi ikabaki chuma tu. Kokulinda akatoka nyumbani kwao Pasiansi kwenda kutetea tasnifu yake akiwa na gauni lenye mikunjo, na mwanawe Winnie mkononi, maana bibi alikuwa amewahi misa.

Anayejua tasnifu yenyewe ilihusu nini angeweza kucheka hapo hapo. Kokulinda alikuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege. Mchana alipima minofu ya samaki, jioni alisomea uzamili katika elimu ya makosa ya binadamu kwenye kazi ya ndege. Masomo ya miaka miwili yalimchukua minne. Yeye alichagua swali moja tu: kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, aliyelala akala, anaona hatari mbele ya mkubwa wake na kunyamaza? Aliwahoji wafanyakazi themanini na watatu. Mmoja alimsimulia jinsi alivyoona mlango wa mizigo haujafungwa sawasawa, akamwendea msimamizi wake na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba leo kule nyuma kuna upepo. Msimamizi akamwambia avae sweta.

Kutokana na hayo Kokulinda akachora ngazi nne ambazo mdogo hupanda akitaka kumsahihisha mkubwa: kudokeza, kuuliza, kupendekeza, na mwisho kabisa kulitaja kosa lenyewe. Wengi hawafiki ya nne. Alipowauliza kwa nini, wakamjibu, "Ningeanzaje?" Chini ya jibu hilo Kokulinda aliandika kwamba hiyo si sababu ya kutosha. Siku alipoiandika sentensi hiyo alikuwa peke yake, na chai ilikuwa ya moto.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na watahini watatu. Katikati alikaa mtahini wa nje, Profesa Shigela, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni, nyingine kifuani. Pembeni alikaa msimamizi wa tasnifu ya Kokulinda, Daktari Luhende, mwanamume mpole aliyewahi kumbembeleza Winnie koridoni, akiwa mtoto wa miezi minane, ili mama yake amalize mtihani. Winnie hadi leo alimwita Babu. Aliketishwa kiti cha nyuma, na penseli yake na bunda lake la karatasi za kuchorea.

"Nimewachapishia nakala mimi mwenyewe," Luhende alisema, akitabasamu. "Sikutaka kukusumbua, binti."

Nakala tatu zilikuwa mezani. Zilikuwa na jalada la bluu.

Kokulinda alilitambua. Bluu ilikuwa rasimu ya Machi. Katika rasimu ile, jedwali la sura ya nne lilikuwa limegeuka, safu ya wanaosema imekaa mahali pa wanaonyamaza, na kila hitimisho likafuata kinyume chake. Aliligundua mwenyewe, akalia, akasahihisha, na Aprili akamtumia Luhende ile sahihi, yenye jalada la kijani.

Profesa Shigela alikuwa amelipenda jedwali hilo kuliko yote. Alilisoma kwa sauti. Alisema utafiti umethibitisha alichokiamini miaka arobaini, kwamba zamu ambazo wadogo wananyamaza ndizo zenye makosa machache. Vijana wa siku hizi wanaongea mno. Akapendekeza matokeo hayo yapelekwe viwanjani, wafanyakazi wafundishwe hivyo.

Kokulinda alimwona akilini yule wa mlango wa mizigo akifundishwa hivyo.

Akapanda ngazi ya kwanza. Akasema jedwali hilo lina historia ndefu kidogo. Profesa akaandika neno "historia" pembeni ya ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ya pili: akamuuliza Luhende kama ile barua pepe ya Aprili ilimfikia. Luhende akasema zinamfikia zote, ahsante sana. Ya tatu: akapendekeza kwamba labda, kama haitakuwa usumbufu, sura ya nne ingetazamwa upya baadaye. Watahini wakacheka kwa upendo, wakasifu unyenyekevu wake.

Ikabaki ya nne. Maneno manne tu: Mwalimu, umechapa rasimu iliyokosewa. Aliyapanga mdomoni. Akamtazama Luhende, jinsi alivyokuwa akimtazama kama baba kwenye kipaimara cha mwanawe, na akagundua kwamba hajui angeanzaje.

"Amefaulu bila masahihisho," Profesa alitangaza, na fomu ikasukumwa mbele ya Kokulinda pamoja na kalamu.

Bila masahihisho. Kokulinda aliishika kalamu. Angetia saini, angekuwa msomi wa kwanza pale uwanjani wa kueleza kwa nini watu hukaa kimya, na ushahidi angekuwa nao mwilini. Akaanza kuisoma fomu upya, neno kwa neno.

"Kabla hatujafunga," Profesa Shigela akasema, kama inavyosemwa mwisho wa kila kikao, "kuna mwenye la nyongeza?"

Hakuna anayetazamia jibu hapo. Lakini nyuma kabisa mkono ulikuwa juu, umenyooka kama wa chekechea, na mkono wa pili umeshika bunda la karatasi lenye jalada la bluu, lililojaa ndege za penseli.

Profesa akacheka. Akamruhusu mjukuu aseme.

Winnie akasimama. Kwanza akaiamkia meza nzima, shikamooni, akangoja hadi marahaba ya mwisho iishe. Kokulinda angeweza kumwambia akae. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, akailaza kalamu juu ya meza, na kwa mara ya kwanza siku ile akanyamaza kwa makusudi.

Mtoto akamgeukia Luhende.

"Babu, hicho kitabu mama alinipa nichoree kwa sababu kimekosewa."