Mwenyekiti wa Mapokezi Avuka Kamba

Mudrick alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi pale Kolo, cheo alichojipa mwenyewe kwenye kikao ambacho wajumbe wengine walikuwa wametoka kunywa chai. Siku ndege ndogo ya madaktari wa macho ilipotarajiwa kutua kwenye kiwanja cha vumbi nje ya kijiji, alivaa suti ya bluu na tai, akabeba shada la maua ya plastiki lililoagizwa Dodoma mjini kwa heshima ya mgeni, na zaidi kwa heshima ya atakayemvisha.

Rubani alikuwa ametuma maagizo mapema kwa Yahaya, mlinzi wa kiwanja: watu wote wabaki nyuma ya kamba mpaka pangaboi la mbele lisimame kabisa. Yahaya aliyarudia kwa kipaza sauti. Mudrick aliyaona maagizo mazuri sana, kwa wananchi. Neno "wote", kwa uelewa wake, halikumfikia mtu mwenye tai.

"Hata wewe, Baba Nasra," mkewe Joha alimnong'oneza.

"Mama Nasra, mgeni hupokelewa mlangoni. Hapungiwi mkono kwa mbali kama treni."

Ndege ikatua, ikawageukia watu, ikasimama huku inanguruma. Mudrick alitazama pua ya ndege, asione pangaboi lolote, ila hewa yenye ukungu kidogo. Na kitu kisichoonekana, kwa hesabu za mwenyekiti, hakipo. Akainua kamba, akatoka na ule mwendo wa viongozi wenye haraka, shada amelinyoosha mbele kwa mikono miwili. Kuzunguka nyuma ya bawa kungemchelewesha, kwa hiyo akakata njia moja kwa moja kupita mbele ya pua.

Yahaya akapiga filimbi. Mudrick aliisikia, akadhani anapigiwa yeye kwa heshima.

Joha hakuwa na filimbi. Alivuka kamba mbio, khanga ikamdondoka njiani, akalidaka koti la mumewe kwa nyuma na kujibwaga chini nalo. Mshono wa mgongoni ukaachia. Mwenyekiti akaangukia makalio, shada likamponyoka na kuruka mbele.

Rubani alikuwa ameshazima injini, ila pangaboi halitii papo hapo. Huzunguka mpaka nguvu ziliishie. Shada lilipofika kwenye ile hewa tupu, ikasikika sauti ya kitu kinachochanwa, na maua yakarudi vipande vipande. Mengine yakatua kwenye tai.

"Umeniaibisha mbele ya wageni," Mudrick alisema, kwa mazoea tu. Kisha akaokota kipande cha utepe kilichokatwa kama kwa wembe. Akakitazama. Mkono mwingine ukampanda wenyewe mpaka shingoni.

Pangaboi likapunguza mwendo, likaanza kuonekana: mapanga matatu meusi yenye ncha za njano, karibu kiasi cha kuyagusa kwa fimbo.

Rubani akashuka, binti aitwaye Evarista. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mudrick alijibu kutoka mavumbini, maana itifaki ni itifaki.

"Nilikuona unakuja. Nikazima, lakini halina breki, mzee. Nilibaki nakutazama tu." Akamgeukia Joha. "Mama huyu ametuokoa wawili."

Mudrick akainuka, akaukunja ule utepe, akautia mfukoni.

Ilipofika zamu ya hotuba alisimama mbele ya madaktari, mgongo wa koti wazi, upepo unaingia. Watu walijiandaa kuketi mpaka adhuhuri. "Karibuni sana," alisema. Akamtafuta mkewe kwa macho. "Na Mama Nasra, ahsante." Akakaa.

Walipiga makofi marefu, wengine kwa kumshukuru Mungu kwa uzima wake, wengine kwa ufupi wa hotuba. Mudrick hakusikia. Alikuwa ameletewa chai, na kikombe kilimgongagonga kwenye kisahani mpaka Joha akakichukua, akamshikia, naye akanywa kwa mkono wa mkewe mbele ya kijiji kizima.