Hodi ya Chini ya Maji

Haya alinieleza mjukuu wangu mkubwa mwenyewe, Jumapili ya pili baada ya kutokea, tukikunja nguo zilizokauka. Mdogo wake alipita baadaye kuchukua shati lake, naye akatia yake. Nimeyaunga pamoja kama nilivyoyapata.

Mjukuu huyo ni binti, anafanya kazi kwenye kituo cha kayaki, vile vyombo vyembamba vya plastiki vyenye tundu moja la kukalia, mtu ananyoosha miguu ndani na kupiga kasia la pande mbili. Alianza kwa kuviosha, akapanda hadi kuvikodisha, na majini hapo hana mpinzani. Anapinduka na kuinuka kama bata. Lakini mwenye kituo alikuwa ametangaza kwamba kuanzia msimu ujao, asiye na cheti cha ualimu haingii baharini na wageni. Atabaki nchi kavu, agawe majaketi ya kuokolea na kushika bomba la kuoshea. Yule binti hakulala vizuri tangu siku hiyo. Nchi kavu aliijua, na hakuitaka.

Mtihani wenyewe uko hivi. Kila mtahiniwa anakuja na mwanafunzi wake, mtu ambaye hajawahi kukalia kayaki mpaka alipomfundisha yeye. Linalotazamwa kuliko yote ni moja: mwanafunzi apinduke, kisha akiwa kichwa chini miguu juu ajitoe mwenyewe, mwalimu akiwa kando, mkono wake usimfikie. Mwalimu akimtoa, atashukuriwa kwa kuokoa mtu, lakini cheti atakiona kwa wenzake.

Akamchagua mdogo wake, kinyozi, ambaye nyumbani humwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Ni mwanamume mzima, ndevu anajinyoa mwenyewe na za watu pia. Ila mama yao ni mpishi wa hospitali, na tangu watoto wakiwa wadogo alikuwa akitoka kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo Kitinda alilelewa na dada yake, na alilelewa kama yai. Mpaka juzi hivi dada mtu ndiye aliyekuwa akimtolea mwiba wa samaki.

Mafunzo yalianzia sebuleni. Dada akamkalisha kwenye kiti, akampakatisha beseni la kufulia liwe tundu la kayaki, na juu yake akamfunga ile sketi. Sketi ni kitambaa cha mpira, mtu anakivaa kiunoni, kisha anakibana kwenye mdomo wa tundu ili maji yasiingie. Mbele ina kitanzi. Ukipinduka, unagonga tumbo la kayaki mara tatu, walio juu wajue uko chini na akili zako unazo. Halafu unapapasa mbele, unakikamata kitanzi, unakivuta, sketi inafunguka, unajisukuma nje.

Mama yao akaingia kutoka kazini, aproni bado imemning'inia begani.

"Huyu kavaa nini?"

"Sketi, mama," akajibu Kitinda.

"Kwamba ni sketi naona. Nauliza imefikaje hapo."

"Ni ya mafunzo," akasema dada. "Ya kayaki."

"Na beseni langu nalo linafunzwa?" Mama akaketi, akavua viatu. "Sikilizeni. Mimi sikuzaa samaki. Wewe dada mtu, ukimrudisha huyu na maji puani, utafute pa kulala."

"Mama, punguza sauti," akasema Kitinda. "Mteja wangu mmoja anakaa ghorofa ya juu. Akisikia habari ya sketi nimekwisha."

Wakaingia majini, pale yanapofika kifuani. Dada anasimama kando ya kayaki, Kitinda anavuta pumzi, anapinduka. Tumbo la kayaki linalia: ko, ko, ko. Na hapo hapo mkono wa dada ulikuwa umeshazama, umeshakivuta kitanzi, na Kitinda anaibuka akipenga kamasi na kucheka. Kila siku hivyo. Dada akajiambia kwamba anamsaidia kidogo tu, mpaka azoee. Lakini mkono uliokwisha kujifunza njia hauulizi ruhusa. Baadaye hata yeye mwenyewe hakujua tena kwamba anauzamisha. Akienda kwa mwalimu wake, mzee mmoja wa kituoni waliyempa jina la Chumvi kwa vile ilikuwa haimtoki ndevuni, akawa anamwambia bila kupepesa macho: "Anatoka vizuri, mwalimu. Anatoka kama sabuni."

Wiki moja kabla ya mtihani, Chumvi akataka kuona. Akaingia na kayaki yake, akamweka binti kwenye ya kwake hatua kadhaa mbali na Kitinda, naye akaishika mkia ile kayaki ya binti.

"Usinishike, mwalimu, sitakwenda popote."

"Ndiyo maana nimeshika. Ili usiende."

Kitinda akapinduka. Ko, ko, ko. Kimya. Wakangoja. Ko, ko, ko, tena, taratibu kabisa, kama mgeni mwenye adabu zake. Kimya. Halafu zikaja za haraka haraka bila hesabu, za mtu anayenyeshewa mlangoni, na Chumvi akauachia mkia. Binti alifika kabla hajajua amefikaje. Akavuta kitanzi.

Kitinda akaibuka macho mekundu, akakohoa mpaka akachoka. Neno lake la kwanza likawa: "Dada, nagonga na uko ndani, kwa nini hufungui?"

Chumvi akacheka. Kisha kicheko kikamwishia kama taa iliyokatika.

"Kitanzi ulikitafuta?" akamuuliza.

"Kitanzi gani? Mimi nikigonga, inafunguka."

Chumvi akamgeukia mwanafunzi wake wa miaka mingi. Hakumfokea, na afadhali angemfokea. "Hujamfundisha kutoka, mwanangu," akasema. "Umemfundisha kupiga hodi. Bahari haina mwenyeji wa kuitikia." Akapiga kasia mara mbili, akasimama tena. "Mtafute mwingine. Mtu mpya kabisa utamweka sawa kwa wiki. Huyu umemharibu, na kumfumua mtu ni kazi kuliko kumshona."

Binti akarudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na nguo mbichi mwilini. Rafiki wa kumwomba alikuwa naye, tena mwepesi wa kujifunza. Lakini kila alipomweka yule rafiki majini kwa mawazo, akasikia ko, ko, ko, akauona mkono wake unazama. Mwanafunzi angebadilika, mkono ungekuwa ule ule.

Akaenda kwenye duka la kunyolea la mdogo wake, akangoja mpaka mteja wa mwisho alipojipangusa shingo na kuondoka. Akamwambia mdogo wake yote, bila kuzunguka.

Kitinda alikuwa akisafisha mashine kwa brashi. Akaendelea kuisafisha muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Yaani hata siku moja sijatoka mwenyewe?"

"Hata moja."

"Nimewaambia watu wote humu ndani kwamba najitoa. Nimewaonyesha mpaka kwa kutumia kiti." Akaiweka mashine chini. "Umenifanya kikaragosi, dada."

"Nilikuwa nakuogopea."

"Uliogopa wewe, mimi sikuogopa. Sasa ndiyo nitaanza."

Akamfungulia mlango, akasubiri atoke. Siku mbili hawakusemezana. Mama yao akauona moshi bila kuuona moto, akamuuliza binti jikoni, binti akamweleza. Alidhani atamlaumu kwa hatari. Mama akaendelea kumenya vitunguu, kisha akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ila hiyo methali unihesabie na mimi. Nilikuachia mtoto ukiwa mtoto. Ungejuaje wapi pa kuachia?" Akajipangusa macho, akasingizia vitunguu.

Siku ya tatu Kitinda akatokea kituoni amekunja suruali, uso umefumbwa kama ngumi.

"Leo ukinigusa," akasema, "nakunyoa kipara umelala."

Dada akasimama kwenye maji ya kifuani, akaiweka mikono yake kichwani, vidole kwa vidole, kama mtu aliyekamatwa. Walikubaliana jambo moja tu: akigonga kwa fujo, atatolewa, na hakuna aibu. Mara ya kwanza ilikuwa fujo. Ya pili vile vile. Ya tatu alikivuta kitanzi upande, akakwama, akameza maji ya kutosha kupikia. Kati ya kila mara binti alimweleza, na kwa mara ya kwanza alijikuta anatafuta maneno, kwa sababu mikono ilikuwa haipo kazini. "Usikitafute mbele yako," akasema. "Kiganja kianzie kiunoni, kifuate ukingo wa tundu mpaka kinapokutana na mwenzake. Kitanzi kiko pale."

Kitinda akapinduka. Ko, ko, ko. Na binti, kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, akasikia kitu ambacho siku zote hakuwahi kukisikia: kiganja kinateleza kwenye plastiki, kwaruu, taratibu, kutoka nyuma kwenda mbele. Kikasimama. Sketi ikafyatuka. Kichwa cha mdogo wake kikatokea mahali ambapo hakukitarajia, kikatema maji, kikamtazama.

Siku ya mtihani, mtahini alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana, asiyecheka wala kununa. Binti alifundisha kupiga kasia, kugeuka, kusimama, yalikwenda. Likaja lile. Upepo ulikuwa umeamka kidogo, na maji yalikuwa yanachapa ubavuni mwa kayaki, chwa, chwa. Kitinda akapinduka. Ko, ko, ko. Binti, naye kwenye kayaki yake kando, akatega sikio. Maji yalikuwa yanachapa, kiganja hakikusikika. Mkono wake ukakamata kasia, ukaingia nalo majini mpaka kwenye kifundo, tayari kupiga kuelekea kwa mdogo wake. Akajilazimisha kutohesabu. Kisha kati ya chwa na chwa akaupata ule mkwaruzo, mwembamba kama panya darini, akauacha mkono wake pale ulipo.

Kitinda akaibuka. Kiatu kimoja hakikuibuka naye.

Mtahini akasogea. "Mkono wako ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwake."

"Na kilichousimamisha?"

"Nilisikia anafanya kazi."

"Usingesikia?"

"Ningekwenda," akasema binti. "Hata kama ni kukosa."

Mtahini akamtazama, akatazama maji, akarekebisha kofia. "Wageni wako watakuwa na bahati," akasema. "Ila kwenye kugeuka unasema mno. Punguza." Chumvi, aliyekuwa ameketi ufukweni akijifanya anafunga kamba, akaifungua ile kamba akaifunga upya.

Jioni wakala mapema, wote wamechomwa na jua. Mama akaishika karatasi ya cheti kwa ncha za vidole isipate mafuta, akairudisha, akasema, "Haya, mwalimu." Kitinda ndipo akaweka kijiko chini.

"Nyuma ya duka langu la kunyolea kuna chumba. Nimekichukua. Nahamia kesho."

Mama akamtazama binti. "Ndiyo uliyomfundisha huko?"

"Sikujua, mama."

"Hakujua," akasema Kitinda. "Ningemwambia angenitandikia kitanda kabla sijafika."

Mama akacheka, kicheko kikavunjika katikati, akainuka kwenda kulala. Kazi ya asubuhi haijui sherehe. Binti naye akajitupa kitandani. Ukutani upande wa pili akamsikia mdogo wake anatafuta begi kubwa. Akafungua kabati la chini. Akafungua sanduku. Akafungua kabati la chini tena. Binti akaumeza ulimi, akaumeza, ukamtoka.

"Juu ya kabati la mama, nyuma ya mablanketi."

"Sijakuuliza," ikajibu sauti. Na sanduku likafunguliwa kwa mara nyingine.

Akavuta shuka hadi kwenye masikio. Kukatulia, kama begi lilipatikana au mtu alichoka, hakujua. Baadaye mkoromo ukasikika, akausikiliza kidogo ukipanda na kushuka, na katikati ya kuusikiliza usingizi ukamchukua.