Sala ya Kitanda Namba Sita

Mkaguzi wa mizani alikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa kumi na tisa, na hakuwahi kuchelewa ibada hata mara moja. Kitabu cha sala alikuwa nacho kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Mchungaji akipatwa na dharura, waumini hawakuwa na wasiwasi: mkaguzi angesimama, afumbe macho, na maneno yangetiririka kama maji ya bomba.

Asubuhi hiyo alikuwa wodi ya wanawake, kando ya kitanda namba sita. Mkewe alikwisha kuvalishwa gauni la upasuaji. Ulikuwa uvimbe tumboni. Daktari alikataa kuahidi lolote kabla ya kufungua na kuona. Ilibaki nusu saa.

"Niombee, baba watoto."

Akafunga vifungo vya koti, akafumba macho, akaanza sala ya wagonjwa. "Ee Bwana, uliye na uzima wa wote mkononi mwako, mtazame dada yetu aliyelala mbele zako..."

Mistari mitatu ya kwanza ya sala hiyo ni ileile ya maziko, na mwaka huo alikuwa ameongoza maziko mengi kuliko alivyotembelea wagonjwa. Ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"...ambaye sasa tunaurudisha mwili wake mavumbini, ukawafariji wafiwa..."

Akafumbua macho. Wodi nzima ilikuwa ikimtazama.

"Shemeji!" akaita bibi wa kitanda cha saba. "Mwenzio yuko macho kodo, wewe umeshamfukia?"

Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kicheko kilipokwisha, akamtazama mumewe.

"Ulipokuwa unaomba, ulikuwa unanifikiria mimi?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini kazi yake ilikuwa kuweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya dukani na kusoma mshale uliposimama, si pale mwenye duka alipotaka usimame.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nafuata maneno."

"Basi omba ya kwako. Nataka nikusikie mara moja tu kabla sijaingia."

"Baba wa rehema, uliye..."

"Hiyo ya kitabuni. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Wa kumi na nne," akasahihisha, kisha akaona aibu.

Akajaribu tena, kimoyomoyo. Kila alipogusa palikuwa na ukurasa. Miaka yote hiyo alikuwa akisema na nani? Kama aliamini, imani yenyewe ilikuwa wapi? Na kama hakuamini, mbona hakuwa na mwingine wa kumwendea? Kitu pekee alichokiona kuwa chake kilikuwa woga, nao hakujua unatiwaje katika sala.

Mhudumu akaja na kitanda cha magurudumu. Mkaguzi akaenda ubavuni, ameshika kidole cha mkewe. Walipopita dirisha la dawa, mdomo ukafunguka.

"Naogopa. Usinichukulie huyu. Sijui hata nakusemesha vipi. Kama nilikuwa nasema peke yangu miaka yote ile, leo nisikie basi, maana..."

"Unasema na mimi, mzee?" mhudumu akauliza.

"Hapana."

"Endelea," mkewe akamwambia, macho ameyafumba. Milango ikafunguka, ikamchukua, ikajifunga.

Mama mkwe alimkuta amesimama palepale.

"Umemwombea vizuri, mwanangu?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Wewe?"

Alitaka kumweleza, akashindwa kujua aanzie wapi. Yale maneno hayakuwa na sifa mwanzoni wala shukrani mwishoni; nusu yake ilikuwa lawama. Huenda ilikuwa sala. Huenda alikuwa mtu mzima aliyeogopa tu, akaropoka koridoni.

"Nimeanza," alisema mwishowe. "Sijamaliza."

Akaketi kwenye benchi, vifungo vya koti wazi, macho mlangoni, midomo ikicheza.